Ubavu wa Kushoto

"Onja kwanza," mlinzi alisema, akimsukumia mkewe bakuli la viazi vya kuchemsha.

Mke akachota kijiko, akatafuna, akameza. Mlinzi alimkodolea macho kooni mpaka chakula kikapita. Ndipo akaanza kula.

"Hakina hata pilipili."

"Pilipili ndiyo inayokuunguza, baba."

Zamani alikuwa akirudi kutoka lindoni asubuhi, anabugia nyama ya kukaanga na kahawa nyeusi, kisha anajitupa kitandani na mkanda wake wa kazi kiunoni. Haikupita muda, kiungulia kikampanda. Akilala, anakabwa. Basi aliburuta kiti hadi mlangoni, akaegemea hapo, akakaa macho mchana kutwa. Na kifua kikimwaka, mkono nao ulikuwa mwepesi. Mashavu ya mkewe yalijua.

Mke alitaka kitu kimoja tu: mumewe apate usingizi. Alikitaka mpaka yeye mwenyewe akakosa usingizi.

Alianza taratibu. Kahawa ikatoka, nyama ya kukaanga ikafuata. Mlima wa chakula ukawa kichuguu. Baada ya kula alimkalisha na kumsimulisha vituko vya wezi wa ghalani, ili asilale kabla chakula hakijashuka. Alipomwambia kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, mlinzi alinuna, lakini kesho yake alileta matofali mwenyewe.

Kazi ilikuwa kwenye mkanda. Ulibeba tochi, kirungu na funguo, na hakupenda kuuweka mbali.

"Unakubana tumbo," mke alimwambia. "Tumbo likibanwa, uchachu lazima upande."

Akaulegeza tundu moja. Wiki iliyofuata, la pili.

Wifi yake alipita dirishani na karoti, akazipenyeza katikati ya nondo.

"Kaka kanawiri siku hizi. Umemfanya nini?"

"Nimemzoesha kula vizuri, wifi."

Wifi aliliangalia jicho lake lililovimba, akainamisha uso.

"Najua anakutesa. Lakini usije ukafanya jambo la kijinga."

"Mbona kila kitu naonja mimi kwanza?" mke alijibu, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. Wifi akaondoka haraka, moyo hauko sawa.

Asubuhi hiyo ya viazi mlinzi alimaliza bakuli lake, akasimulia kisa cha mwizi aliyejificha ndani ya pipa, akacheka, akapiga miayo. Hakuungua popote. Aliuvua mkanda, akautundika kwenye kichwa cha kitanda.

"Ubavu gani ule?"

"Wa kushoto, baba. Ndio unaozuia uchachu."

Akageukia ukutani. Punde akaanza kukoroma.

Mke alisimama juu yake, ameshika mto kwa mikono miwili. Akainama, akasikiliza pumzi zake.

Kisha akaupachika mto mgongoni mwake, taratibu, asije akageuka.

Akachukua mkanda, akatafuta ufunguo wa mlango kati ya zile funguo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, jua lilimpiga usoni bila kupita kwenye nondo.