Zamu ya Mwalimu Ndimbo

Bi Nasra, mwalimu mkuu, alikuwa ameshamaliza spiriti, dawa ya meno na uvumilivu, lakini ubao mweupe wa ofisi ya walimu bado ulisema: Mwalimu wa zamu, Ndimbo.

"Kalamu zote zile, mtu anachukua maka peni isiyofutika!" alifoka, akisugua mpaka bega likamuuma. Ndimbo alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na kila asubuhi wanafunzi walioleta madaftari walisoma jina lake wakasahau kuamkia.

Mhudumu, Mama Sikudhani, akaweka ndoo chini. "Mwalimu, utauchubua ubao bure. Andika juu yake kwa kalamu ya ubao, herufi kwa herufi. Halafu futa upesi kabla wino haujakauka, wote utatoka pamoja."

Ilimbidi Bi Nasra aufuate mwandiko wa marehemu, hata ule mkia mrefu kwenye o ya mwisho. Kwa mkia huo alikuwa akimsema kila Jumatatu, naye Ndimbo akicheka tu. Alipomaliza, jina liling'aa kana kwamba mwenyewe ameliandika asubuhi ile.

"Sasa futa, Mwalimu," Mama Sikudhani akahimiza. "Unakauka huo."

Bi Nasra alisimama na kitambaa mkononi, akiutazama mkia ukikauka.