Kisogo

"Usivute! Hizo ndizo za mwisho."

Mchoraji alicheka onyo la mkewe. Nywele tatu nne zilikuwa zimemganda kwenye vidole vyenye gundi. Alizibandua moja moja kwa kibanio, akazilaza kwenye turubai pale shingo inapoanzia, na mfuko wa plastiki ukabaki mtupu. Kwa miezi tisa mkewe alikuwa ameuficha mfuko huo chini ya godoro.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Ilikuwa ya kisogo cha mwanamke: shingo na masikio kwa rangi ya mafuta, na kuanzia hapo kwenda juu nywele zenyewe, zimesukwa mistari myembamba hadi utosini. Kando alikuwa amebandika vitana vilivyovunjika meno na taulo lenye madoa ya dawa. Juu kabisa aliweka saa ya plastiki ya bluu, iliyokuwa ikining'inia kwenye saluni ya dada yake.

"Saa ya nini tena?" mke aliuliza, akitazama pembeni.

"Bila saa picha haisemi kitu. Niamini."

Alimwamini. Angemwamini nani mwingine?

Zamani angemtaja wifi yake. Wifi ndiye aliyewakutanisha, na kila baada ya miezi miwili alimtia dawa ya nywele, wakitaniana mpaka wateja wakasahau zamu zao. Dawa ile haina mchezo: dakika kumi na tano, halafu maji. Wifi hakutumia simu wala saa ya mkononi, maana mikono ilikuwa ndani ya glavu. Aliinua macho ukutani tu.

Jumamosi moja asubuhi, miezi tisa nyuma, wateja walikuwa hawajafika. Mchoraji alikuwepo, ameketi kwenye benchi chini ya saa na daftari lake la michoro.

"Wifi, inawasha."

"Deka tu, mwali wa watu. Saa hiyo hapo, bado dakika nane."

"Inachoma, wifi!"

"Bado tano. Kwani leo ndiyo mara ya kwanza?"

Aliposuuza, nywele zilitoka na maji. Zilijaa kwenye beseni, na ngozi ya kichwa ikabaki mbichi. Wifi alimkimbiza hospitali, glavu bado mikononi, na mchoraji akabaki nyuma kufunga saluni. Daktari hakuzunguka: mizizi imekufa, hazitaota tena.

Wifi aliapa kwa machozi kwamba aliifuata saa. Jioni walikwenda kuitazama, na ilikuwa sawasawa na simu za watu wote.

"Umenionea wivu tangu siku niliyoolewa," mke alimwambia. "Usikanyage tena kwangu."

Wifi hakukanyaga. Hata saluni aliifunga, akagawa vyombo vyake, na saa akampa mdogo wake, mchoraji, alipoiomba.

Mke naye aliacha kufundisha. Mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa amemvuta kilemba kwa mzaha mbele ya darasa zima, na tangu siku hiyo hakutoka tena nje ya geti. Mumewe ndiye aliyempikia, akampaka mafuta kwenye makovu, na kumwambia afanye nini.

"Siku ya maonyesho utavua kilemba mbele ya watu, usimame karibu na picha. Ukiweza hapo, umeweza kila mahali."

Aliishikilia siku hiyo. Alikuwa amepanga: akiweza Ijumaa, Jumatatu anarudi darasani.

Na aliweza. Ukumbi ulikuwa umejaa, jua la saa nane limeingia hadi katikati ya sakafu. Alifungua kilemba polepole. Makofi yakalipuka. Mchoraji alimkumbatia akalia machozi ya kweli, na kamera zikawamulika wote wawili. Mke alijisikia mwepesi, mwepesi mno, hata akawaza kwamba jioni atampigia wifi yake simu amwambie amemsamehe.

Karani wa ukumbi alimjia na faili.

"Samahani, mama. Mzee amezingirwa na waandishi, na kibandiko cha picha yake hakijachapwa. Nisaidie kuhakiki vifaa tu. Aliviorodhesha mwenyewe kwenye fomu ya maombi."

Mke aliipokea. Mwandiko aliujua, herufi zimelalia kushoto. *Jina la picha: Kisogo. Vifaa: turubai, rangi ya mafuta, gundi, vitana, taulo, saa ya saluni ya dada, nywele za mke wangu.*

"Ni sawa," alisema, akitabasamu. "Hakuna kilichobadilika."

"Huyu mzee ana mipango yake, mama. Wenzake walihangaika hadi siku ya mwisho, yeye alileta fomu kabla ya wote. Saini hapo chini, karibu na muhuri."

Mke aliinamisha kichwa chake kitupu, akashika kalamu. Muhuri wa mapokezi ulikuwa wa Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ile.