Mlinzi Mmoja Tu

Delmer Stroud alichuchumaa katikati ya duka la silaha, akasikia mshono wa suruali ukilalamika, akabaki palepale akijiuliza atainukaje.

"Umeanguka au unasali?" Twyla, muuzaji, alimuuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Napima, dada. Hebu nipe mkono."

Walikuwa wamejaribu kila mahali pa kuficha bastola. Kiunoni, tumbo la Delmer liliificha rivolva vizuri mno, hata mwenyewe hakuweza kuifikia. Kwapani alionekana kama mtu mwenye jipu. Mfukoni iliivuta suruali chini, na suruali ya Delmer haikuhitaji msaada katika jambo hilo.

Ilibidi isionekane kabisa. Mchungaji Gentry alikuwa amemshika bega nyuma ya kanisa na kumnong'oneza: "Nimewaangalia wanaume wote, Ndugu Delmer, nikakuona wewe. Mlinzi mmoja tu, na asijue mwingine. Mama Oleta akisikia kuna bastola ibadani ataondoka, na nusu ya kwaya itamfuata."

Delmer, ambaye hakuwahi kuchaguliwa hata kupitisha sahani ya sadaka, alikuwa ameshinda siku ile akitembea kifua mbele, ingawa tumbo lilitangulia.

"Chukua hii," alisema Twyla. "Mtutu mfupi, na nyundo iko ndani, haikwami kwenye nguo. Ifunge kifundoni, mguu wa kushoto. Na hiyo ala ya kuivalia kifundoni ndiyo ya mwisho iliyobaki. Sijui vifundo vya watu wa Arkansas vimepatwa na nini mwaka huu."

Jumapili, mlangoni, Delmer alikumbatiwa na kanisa zima. Mama Oleta alimbana mpaka akakosa pumzi, wala mama hakuhisi bastola. Delmer akaketi benchi la mbele la wanaume, akijiona komando, komando mwenye kitambi.

Ndipo mchungaji akasimama. "Wapendwa, kama kila mwaka siku hii, tutaoshana miguu. Kina mama upande ule, kina baba upande huu."

Delmer aliganda. Alikuwa ameoshwa miguu kanisani humu tangu ujana wake. Na kati ya viungo vyote alivyopewa na Mungu, alikuwa amekwenda kuficha bastola kwenye kile kimoja ambacho kanisa lake hukifunua hadharani. Jitu zima, akili ya kuku.

Mabeseni yaliletwa. Mama Oleta mwenyewe ndiye aliyegawa taulo, akija polepole, benchi kwa benchi. Akilini Delmer alishaiona nusu ya kwaya ikitoka mlangoni, na yeye ndiye sababu.

Akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akakunja suruali mpaka chini ya goti. Mguu wa kushoto, na kiatu chake, akausukuma chini ya benchi.

Mama Oleta alisimama mbele yake.

"Na huo mwingine, Ndugu Delmer?"

"Una kidonda, mama."

Mama Oleta alimwekea taulo gotini.

"Na wewe pia?"

Delmer akageuka. Benchi zima, mpaka kwa Mchungaji Gentry kule mwisho, kila mwanamume alikuwa amekunja suruali mguu mmoja tu.