Ngiri na Kicheche Ulingoni

Zamani wanyama walipopenda mieleka, hakuna jozi iliyoshangiliwa kama Ngiri na Kicheche. Mmoja akichoka, alimgusa mwenzake aingie ulingoni. Lakini Ngiri, mwenye majivuno, alianza kuona haya kushirikiana na mnyama anayenuka.

"Kuanzia leo napigana peke yangu," alimwambia.

"Haya, kaka, kila la heri," Kicheche akajibu, akaenda kuketi na watazamaji.

Mara Nyati, waliyezoea kumshinda, akambwaga Ngiri chali.

"Leo umepata wapi nguvu?" Ngiri akauliza akihema.

"Leo napumua!"

Ngiri akanyoosha mguu nje ya kamba. "Kicheche, ndugu yangu, niguse!"

Kicheche akaruka ndani akicheka, Nyati akatimua mbio. Jioni mabingwa walikula pamoja, Ngiri akikaa upande unakotoka upepo.