Balozi Amegoma Tena

Balozi alikuwa amepiga magoti tena. Pua yake iligusa changarawe za uani, mkia uko juu, na kwenye kiti cha nyuma mzee amekaa na koti lake la suti, begi dogo mapajani, akisubiri kupelekwa hospitali kupasuliwa.

"Jana lilikuwa zima," fundi alisema.

Balozi ni jina ambalo majirani walilipachika gari hilo kubwa jeusi la kifahari kutoka Ulaya, ambalo lilikuwa limeshazeeka mzee alipolinunua baada ya kustaafu upimaji ardhi. Viti vya ngozi, vioo vinavyojikunja vyenyewe, springi za hewa badala ya chuma. Lilikuwa gari la raha na la maradhi. Ukilitibu sikio, linaumwa jino. Fundi alilijua tangu siku ya kwanza. Mbali na yeye, hakuna aliyeruhusiwa kusogelea injini ile ila mzee mwenyewe, aliyeichokonoa kila Jumamosi, na mkewe, aliyemshikia tochi na kumpa spana hata kabla hajaiomba.

Kisha mzee akaota uvimbe tumboni, na daktari bingwa yuko mji wa mbali. Mzee akatoa sharti moja tu: atakwenda na Balozi, fundi akishika usukani. Hakutaka kubebwa kama gunia kwenye gari la mtu. Binti yake alileta gari lake jipya, akabembeleza, akalia. Mama yake akamkatiza.

"Mwache baba yako. Amesema atakwenda na lake, basi atakwenda na lake."

Kila siku ya safari ilipofika, Balozi akagoma. Mara ya kwanza waya wa pampu ya mafuta ulikuwa umechomoka. Mara ya pili betri ilikufa ganzi. Sasa bomba la hewa limeachia, na kipira cha kuliungia hakionekani, na kipira chenyewe mpaka kiagizwe ng'ambo. Yote ni mambo madogo, lakini gari la aina hiyo halina jambo dogo. Likikosa kitu kimoja, linawasha taa nyekundu na kununa.

Mama alitoka barazani kupiga simu hospitalini, kama alivyofanya mara zote, akarudi kusema wamekubali kusogeza siku mbele. Fundi alishusha pumzi. Hajapata kuona hospitali yenye subira namna ile.

Lakini ugonjwa haukuwa na subira. Shingo ya mzee ilizidi kupwaya ndani ya kola, na fundi kila akiitazama aliona aibu hata ya kupokea chai ya nyumba ile. Mtu anamfia mikononi kwa sababu ya waya na vipira. Alikagua kila kiungo, akaomba ushauri kwa wenzake, nao wakamwambia gari la zamani ndivyo lilivyo, aliuze vyuma chakavu. Hakujua tena afanye nini.

Binti ndiye aliyemvuta pembeni. Alisema baba anaogopa kisu, ndiyo maana anachomoa vitu kwa siri. Nani mwingine anayeijua injini ile? Fundi alimkumbuka mzee anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, akatia shaka. Hata hivyo aliamua kumweka mzee mbali na gari.

Kipira kilipofika, alilivuta Balozi hadi karakana yake, akalitengeneza, akafunga geti na kutia funguo mfukoni. Alimwambia mzee kwamba ataliona asubuhi ya safari, si kabla.

"Unaniibia mke mdogo mchana kweupe," mzee alisema, akacheka hadi akakohoa.

Mama hakucheka. Aliuliza kama fundi hawezi kulileta jioni ya siku moja kabla, walau apate kulifuta vumbi. Fundi akasema atalifuta mwenyewe.

Asubuhi ya safari Balozi aliingia uani wima, injini ikinguruma kwa sauti ya chini, bila taa nyekundu hata moja. Fundi alitaka kulia kwa furaha. Mzee alikataa kushikwa mkono. Alitembea peke yake, akapapasa boneti alipopita, akaketi nyuma na kutazama mbele.

"Wakati wa kurudi naendesha mwenyewe," alisema.

Binti alikimbilia ndani kuchukua mto. Mama alimfungia mumewe mlango polepole, akaukaza kidogo mpaka ukashika, kisha akamwomba fundi aje amfungulie buti. Fundi akashuka huku injini ikiendelea kunguruma, akanyanyua mfuniko, akanyoosha mkono kupokea begi.

Mama hakumpa begi. Alijibanza nyuma ya mfuniko, mahali ambapo mzee asingeweza kumwona, akamshika fundi mkono.

"Daktari alinipigia kabla ya ile safari ya kwanza, akasema tusijisumbue, hakuna tena cha kupasua," alisema. "Mwenzangu anaamini kinachomchelewesha kupona ni gari. Liharibu, mwanangu, mimi pa kuchomoa pameniishia."