Saa ya Nafsi

Siku hizo kila mtu mzima alipewa saa moja ya kujiburudisha kila alasiri, na sheria ilikataza kumuuliza mwenzio ameitumiaje. Tumu aliitumia yake kulala. Mumewe, Makame, alikuwa akitoka, kisha anarudi uso umekunjuka, akipiga mluzi. Wivu ulimla Tumu hadi chakula kikawa hakipiti kooni.

Alhamisi moja akamfuata. Alimkuta kwenye kibanda cha kahawa nyuma ya soko, peke yake, akitafuna kashata na kuangalia watu wakipita. Hapakuwa na mwanamke yeyote. Ila alikuwa akitabasamu tabasamu ambalo Tumu hakuwahi kuliona nyumbani kwa miaka yote kumi na mmoja ya ndoa yao.

Tumu akasogea. “Nikae nawe, mume wangu?”

Makame alishtuka, na lile tabasamu likazimika. Akampangusia kiti kwa adabu.

“Karibu, Tumu. Kaa.”

Tumu akakaa. Lau angemkuta na mwanamke, angejua la kusema.

Makame alimwagizia kahawa, kisha akatazama saa yake.

“Zimebaki dakika ishirini,” akasema kwa upole.