Bushi za Nyuma

"Kaka, jeneza liko tayari, nawe bado uko chini ya gari!" Mghoi alifoka.

Mwakio alikuwa akibadilisha bushi za nyuma, mipira ya springi iliyokwisha. Miaka miwili mama yao alilalamika kwamba gari linamgonga mgongo, naye kila mara akamjibu, "Wiki ijayo, mama." Leo ndilo lingempeleka kuzikwa.

Akashusha jeki. "Panda nyuma. Nati hukazwa gari likiwa na uzito litakaoubeba."

Mghoi akapanda. Gari likadidimia.

"Loo, dada! Mama hakufika hata nusu yako," Mwakio akatania.

Mghoi akashuka. Akaleta gunia la mahindi lililobaki nusu, akalilaza taratibu nyuma ya gari, akalifunika kanga ya mama.

Mwakio akarudi uvunguni. Akaishika spana, lakini hakukaza; nati ikikazwa, gari lingekuwa tayari kuondoka na mama.